Mti Mkongwe Katika Sinia

Mtu aendaye Kisarawe kwa njia ya Pugu huona miti ya namna mbili. Ipo ile mirefu ya hifadhi. Na ipo mingine, kando ya mashamba yaliyochoka, yenye mashina manene ya kizee na matawi yasiyopita kimo cha mtu. Hii ya pili haikuumbwa hivyo. Ilikatwa kwa shoka ikachipua, ikaungua ikachipua, ikaliwa na mbuzi ikachipua tena.

Umbo hilo hilo ndilo walilolipenda Wachina na Wajapani. Katika kaburi la Zhanghuai, mwana wa mfalme, lililojengwa mwaka 706, ukutani wamechorwa watumishi waliobeba vyombo vyenye mawe na miti midogo. Sanaa hiyo ilivuka bahari, na mwaka 1309 yaonekana katika picha za Wajapani. Jina lake, bonsai, maana yake ni kilichopandwa katika sinia, basi. Baada ya tetemeko la mwaka 1923 kuubomoa mji wa Tokyo, baadhi ya watunzaji wa miti hiyo walihamia Omiya, na mwaka 1925 wakaanza kijiji chao.

Wengi hudhani bonsai ni kabila la mti. La. Mkwaju ulioachwa shambani huwa kivuli cha baraza zima. Mkwaju huo huo ukitiwa katika chombo cha kina kifupi, ukapunguzwa mizizi na kupogolewa machipukizi, hubaki chini ya goti la mtu kwa miaka mingi. Tena wafaa sana, kwa kuwa vijani vyake ni vidogo tangu asili. Lakini ukwaju wenyewe haupungui: mti wa shubiri mbili ukizaa, huzaa tunda la ukubwa wa kawaida, jambo lichekeshalo kidogo.

Kazi ngumu ni bustani ionekane kana kwamba haikupandwa na mtu. Miti ikipangwa kwa nafasi sawa huwa askari katika gwaride. Mnene huwekwa mbele, kando ya katikati. Myembamba nyuma, ili jicho lidhani iko mbali. Udongo huinuliwa hapa na kushushwa pale, na jiwe huzikwa sehemu yake, lisije likaonekana limetuliwa juu kama mzigo. Yote haya hujifunzwa kwa kuutazama msitu. Na hapo ndipo penye shida.

Maana msitu wa Uzaramo umetumiwa sana. Burton alipopita mwaka 1857, Wazaramo walikuwa wakichimba sandarusi ardhini, ikipelekwa Unguja na kutoka huko hadi Salem, Marekani, kutengenezewa rangi ya kung'arisha mbao. Kati ya mwaka 1905 na 1907 Wajerumani waliipitisha reli Pugu, Soga na Ruvu. Kisha Dar es Salaam ukakua, ukahitaji mkaa. Hata Ruvu Kusini, hifadhi iliyomo Kibaha na Kisarawe pia, haikusalimika na matanuri.

Wajapani waliithamini mno miti iliyochimbwa milimani, iliyokuwa imekunjwa na upepo na theluji, hata ile mizuri ikawa adimu. Mpenda bustani wa Kisarawe hushawishika vivyo hivyo akionapo kisiki kilichopindika vizuri. Ajue kwamba kisiki hicho si taka. Miti mingi ya misitu ya pwani hurudi kwa kuchipua shinani. Akikichimba, ameuchukua mti ambao mchoma mkaa alikuwa ameubakiza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo hairuhusu kutoa kitu hifadhini pasipo kibali.

Lakini Kibaha viwanja vya nyumba vyafunguliwa kila mwaka, na trekta haliulizi kisiki kina umri gani. Huko mtunzaji aweza kumwendea mwenye kiwanja kabla ya trekta, akaomba kile kitakachong'olewa kwa vyovyote. Hukichimba masika yakianza, na udongo wake umeshikamana na mizizi. Hukifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, hukiweka kivulini, wala hakipogoi tena mpaka kimetoa majani mapya. Vingine hufa. Sinia huja baadaye sana, pengine mwaka wa pili au wa tatu.