WAGUMU: WATU WALIOFANIKISHA SAFARI YA KILELENI KILIMANJARO, HALAFU HISTORIA IKAWAPIGA CHENGA

Ukiuliza nani alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, utajibiwa fasta: Hans Meyer, Mjerumani, na mwenzake Ludwig Purtscheller wa Austria, tarehe 6 Oktoba 1889. Sawa. Ila msosi wao nani aliubeba?

Meyer hakufanikiwa kirahisi. Mwaka 1887 barafu ya Kibo ilimgomea, akageuza. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika, maana alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri mpaka akalipiwa fedha ndipo akaachiwa.

Safari ya 1889 alikuja kivingine. Alishagundua kuwa huko juu njaa inamrudisha mtu kabla hata ya barafu. Akapanga kambi kwa ngazi, kuanzia Marangu kwa Wachaga kwenda juu, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kupeleka chakula. Faida yake ilionekana haraka: tarehe 3 Oktoba wale wawili walifika ukingo wa kreta, wakachoka, wakarudi kambini. Chakula kipo, moto upo. Siku tatu baadaye wakapanda tena, safari hii mpaka kileleni. Bila ile mizigo, ingekuwa kurudi chini na mambo kuishia hapo.

Wapagazi hao wengi wao hawajulikani hata majina. Kilele kikapewa jina la Kaisari wa Ujerumani, na mwaka 1961 ndipo kikaitwa Uhuru.

Sasa kwa anayepanga kupanda mwaka huu, mpango bado ni uleule: mwongozaji, mpishi, na wapagazi, ambao mlimani wanaitwa wagumu. Usikimbilie siku chache kwa ajili ya bei, mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi kabla ya mita 5,895. Na kampuni ikikupa bei ya kutupa, jiulize nani anakatwa. Mara nyingi ni mgumu: posho yake, chakula chake, hema lake. Mzigo wake usizidi kilo 20, na unapimwa getini. Uliza mapema analipwaje na analala wapi, na bakshishi iweke kwenye bajeti tangu nyumbani.

Baridi ya usiku kule juu haichagui mgeni wala mgumu.

Wadau, nani hapa ana babu au baba aliyewahi kubeba mizigo mlimani? Mtajeni kwenye komenti, angalau jina lake libaki.