Kuegesha Kulianza Baharini

Ndugu msomaji, wiki hii ninakuja na neno moja tu, nalo ni kuegesha. Siku hizi mjini wengi wetu tunasema kupaki, na trafiki naye anasema kupaki. Kibao cha serikali, hata hivyo, huandikwa kuegesha. Neno hili halikuzaliwa na motokaa. Watu wa pwani walikuwa wakiegesha mashua gatini na ufukoni zamani sana, yaani kuisogeza taratibu mpaka ubavu wake ufike mahali pake bila kuvunjika.

Nimeyafikiri haya kisiwani Mafia, nilikokwenda kujifunza udereva nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee. Wenzangu wa Dar es Salaam walinicheka. Walisema anayejifunzia Mafia atajua kwenda mbele tu, kwani Kilindoni nani amekosa mahali pa kusimamisha gari? Wakaongeza kwamba watu wa visiwani wakija mjini huegesha kama wanaotia nanga, gari likabaki katikati ya njia. Kicheko hicho nakijibu leo, tena kwa historia.

Makao ya utawala wa Mafia hayakuwa Kilindoni siku zote. Mjerumani alipokipata kisiwa hicho katika mapatano yake na Mwingereza ya mwaka 1890, aliweka boma lake Chole, kisiwa kidogo kilichomo ndani ya ghuba yake upande wa kusini mashariki. Kwa majahazi, Chole ilitosha. Lakini meli ya moshi haikai popote, inataka kina. Mwaka 1913 Wajerumani wakahamishia makao yao Kilindoni, upande wa magharibi, ambako meli ziliweza kutia nanga kwenye maji marefu. Jina lenyewe linasema, maana kilindi ni mahali penye kina. Kwa lugha ya leo, mji mkuu ulihamishwa kwa sababu ya maegesho! Chole ikabaki na magofu yake, mibuyu na popo. Wanaolalamika kwamba Kariakoo hakuna nafasi ya gari wakumbuke kwamba wenzao walihama mji mzima.

Wajerumani wenyewe hawakuufaidi. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakafyeka uwanja wa ndege za kuiwinda manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 ikamalizwa kwa mizinga ya meli Severn na Mersey, huku ndege kutoka Mafia zikiwaonyesha wapigaji mahali makombora yanapoangukia.

Turudi kwenye gari. Aliyenifundisha ni mzee aliyekuwa nahodha wa jahazi la nazi na mbata kabla hajashika lori. Alisimamisha mapipa mawili kando ya njia, akaniambia niliingize gari katikati kwa rivasi. Kabla sijawasha moto akasema, "Mwanangu, gari likienda mbele ni gari. Likirudi nyuma ni chombo."

Nikamwuliza, "Kivipi, mzee?"

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Jahazi lina usukani nyuma, tezini. Nahodha anapoukata, ni tezi inayosukumwa pembeni, na omo hugeuka kwa sababu hiyo. Gari likienda mbele, magurudumu yanayokata kona yako mbele, kwa hiyo halifanani na chombo. Lakini ukiweka rivasi, magurudumu hayo hayo yanakuwa mwisho wa mwendo, pale pale penye usukani wa jahazi. Basi unasimama ubavuni mwa pipa la mbele, unarudi nyuma ukikata wote kushoto, mkia unaingia. Gari likilala mshazari unanyoosha, kisha unakata wote kulia, na pua inafuata. Nahodha anayesogea gatini naye hashindani na chombo chake. Hushusha tanga mapema, maana jahazi halina breki, kisha humalizia kwa mwendo uliobaki, pondo na kamba.

Na hilo neno usukani, ndugu msomaji, nalo tulilichukua baharini tukalifunga ndani ya gari. Abiria na shehena tumevikuta melini pia. Hata basi la mkoani tunasema limeng'oa nanga. Dereva, breki, gia na klachi vilikuja na Mwingereza, na sina ugomvi navyo.

Wamarekani walipoweka mita ya kwanza ya kulipia maegesho, mjini Oklahoma City mwaka 1935, kando ya barabara ikawa bidhaa inayopimwa kwa futi na dakika. Tangu hapo kujibana kati ya magari mawili kukawa ujuzi wa mjini, na asiyeujua akaonekana mshamba. Kwetu ujuzi wenyewe ulikuwapo, ila ulikuwa ukifanyika majini na kufanywa na watu wasio na leseni.

Mwanafunzi wa udereva mjini huambiwa "kata yote, nyoosha, kata yote", akakariri kama kasuku, na siku akikuta nafasi ya ukubwa mwingine anakwama. Walimu wa Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Mafia wana wanafunzi ambao wameona mashua tangu utotoni. Wawaeleze kwa tezi na omo. Mimi mzee yule alinieleza mara moja, na mapipa yake hayakuguswa.