Hesabu ya Mwaka na Kumbukumbu ya Mji: Kambove na Lubumbashi

Mwaka 1946 Daktari Léopold Mottoulle, tabibu aliyeitumikia kwa miaka mingi kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alitoa kitabu kuhusu siasa ya kampuni hiyo kwa wafanyakazi wake Waafrika na matokeo ya miaka ishirini ya kuitekeleza. Kichwa chenyewe kina harufu ya uhasibu. Kitabu hicho ni cha aina ya maandishi ambayo mtafiti wa historia ya Katanga hukutana nayo kila anapofungua kabati la nyaraka: taarifa ya maendeleo, inayoonyesha kwamba mwaka huu umeupita mwaka uliotangulia kwa nyumba, kwa vitanda vya hospitali, kwa watoto waliozaliwa na kuishi. Makala haya hayakusudii kuzikanusha taarifa hizo, kwa kuwa sehemu kubwa ya takwimu zake huenda ni sahihi. Tunauliza jambo lingine: huduma zilizohesabiwa zilikuwa mali ya nani?

Historia ya mji ni fupi. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa kando ya mto uliokuja kuupa mji jina lake la sasa. Mwaka 1913 reli ilifika Kambove, yapata kilomita 150 kaskazini-magharibi, na mawe ya huko yakaanza kusafirishwa kwenda kuyeyushwa Lubumbashi. Hata hivyo shaba ya nchi hii ilichimbwa na kuyeyushwa na wenyeji muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kuiandikia ripoti. Katika miaka ya kwanza wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi kutoka mbali, wakalala katika makambi duni, na wengi wakafa kwa maradhi. Hakuna aliyeona haja ya kumjengea nyumba bora mtu atakayeondoka baada ya miezi michache.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipoamua kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja: aje na mke, azae, asomeshe watoto. Hapo ndipo ilipoanza huduma ambayo Mottoulle aliihesabu, yaani zahanati ya wazazi, maziwa ya watoto, shule zilizoendeshwa na wamisionari, na chakula kilichogawiwa kwa mizani. Tusimame kidogo juu ya chakula hicho, maana hapa lugha inatoa ushahidi ambao taarifa haikuutoa. Posho katika Kiswahili cha pwani ni chakula au fedha ya matumizi apewayo mtu. Katika Kiswahili cha Katanga neno hilo, ambalo wengi hulitamka poso, limepata maana ya pili: juma, yaani siku saba. Mgao ulitolewa kila wiki, na wiki ikachukua jina la mgao. Kampuni iliyoweza kuingia namna hiyo katika kalenda ya watu ilikuwa zaidi ya mwajiri. Ndiyo maana wazee walizoea kusema kwamba kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Usemi huu umechunguzwa kwa makini na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Nje ya kambi palikuwa na mji mwingine. Sheria ya mwaka 1931 iliruhusu kuundwa kwa centre extra-coutumier, yaani makao ya Waafrika yasiyo chini ya machifu wa jadi, na Elisabethville ilipata chake mwaka uliofuata. Mtawala Fernand Grévisse alikiandikia kitabu mwaka 1951. Katika miaka ya 1950, chini ya mpango wa maendeleo wa miaka kumi, mitaa ya pembezoni kama Katuba na Ruashi ilipanuka haraka, na taarifa za mwaka zikapata kitu kipya cha kuhesabu.

Walioishi ndani ya hesabu hizo waliandika taarifa yao pia. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, alitunga historia ya mji iitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa Kiswahili cha huko huko. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Tahajia yake ni ya sikio, na maneno hayakutenganishwa kwa utaratibu tuuzoeao. Ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo maana zake zikae wazi. Anayetafuta humo idadi ya mabomba atafunga kitabu mapema. Atakachokuta ni nani alimpiga nani, nani alikufa, nani alimlisha nani. Tukumbuke kwamba mwezi Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma Elisabethville, na makumi wakafa. Miaka mitano tu baadaye Mottoulle alitoa hesabu yake ya mafanikio.

Mali ya Union Minière ilitaifishwa usiku wa kuamkia 1967, na kampuni ya serikali, iliyokuja kuitwa Gécamines, ikarithi migodi pamoja na hospitali, shule na posho. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Muongo mmoja baadaye haikufikia hata sehemu ya tano ya kiasi hicho. Mwaka 2003 ulianza mpango, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wa kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa jina la kuondoka kwa hiari. Mwandishi wa makala haya alikuwa mtoto wakati huo. Hakumbuki takwimu yoyote, ila anakumbuka karo ya shule ikianza kuwa neno la mezani. Katika miji kama Kambove, ambako karibu kila huduma ilikuwa ya mwajiri mmoja, kuanguka kwa mwajiri kulikuwa kuanguka kwa manispaa nzima, ingawa manispaa kwa maana kamili haikuwahi kujengwa.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza asilimia 15 ya mrabaha iende kwa eneo la utawala ambamo mgodi umo, na kila kampuni itoe walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kwa kanuni, basi, bomba linaweza kuwa la mji. Lakini taarifa za matumizi ya fedha hizo huandikwa kwa Kifaransa, na mwenye haki ya kuzihoji huzungumza Kiswahili. Kwa maoni yetu wanafunzi wa idara zetu wangefanya vema kwenda Kambove na daftari, wasikilize mrabaha huo unaitwaje sokoni, na kama unaitwa posho, waandike hivyo.