Sisimizi Majimoto katika Historia ya Ulinzi wa Miti ya Matunda

Karne nyingi kabla ya dawa za viwandani kufika mashambani, mkulima wa machungwa wa kusini mwa China aliweza kununua sokoni kinga ya miti yake ikiwa hai, imefungwa ndani ya mfuko. Kitabu cha mimea ya nchi za kusini, ambacho kwa mapokeo huhesabiwa kuwa kazi ya Ji Han ya mwaka 304, kinaeleza kuwa watu wa Jiaozhi, yaani kaskazini mwa Vietnam ya leo, waliuza viota vya sisimizi wenye rangi ya wekundu na manjano, na kwamba michungwa isiyo na sisimizi hao haikubakiwa na tunda lililo zima. Wako wataalamu wanaodai kuwa kitabu hicho kiliandikwa baadaye sana, lakini hoja hiyo haiivunji habari yenyewe, kwa kuwa maandishi mengine ya enzi za Tang na Song yanaitaja biashara hiyohiyo, na mojawapo, la karne ya 12, linasimulia jinsi wauzaji walivyowanasa sisimizi kwa vibofu vya wanyama vilivyotiwa mafuta na kuwekwa wazi karibu na viota.

Jamaa wa karibu wa sisimizi hao barani Afrika, ambaye kitaalamu huitwa Oecophylla longinoda, ndiye majimoto wa pwani ya Afrika Mashariki, anayefahamika kwa kila aliyewahi kupanda mwembe bila kutazama juu. Majimoto hachimbi ardhi bali huishi matawini: vibarua hujipanga kwa safu, huyavuta majani mabichi mpaka kingo zikutane, kisha wenzao huwashika mabuu kwa taya na kuwapitisha huku na huku ili hariri inayotoka vinywani mwa mabuu hao iyashone majani pamoja. Kundi moja lenye malkia mmoja huweza kumiliki viota vingi na kutawala miti kadhaa, likiwinda karibu kila mdudu anayethubutu kutua humo.

Faida ya tabia hiyo ilithibitishwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale mtaalamu wa wadudu M. J. Way alipochunguza sababu ya vidaka kupukutika minazini kabla ya kuwa vitale. Mharibifu alikuwa mdudu wa jamii ya kunguni anayefyonza nazi changa, ambaye mwaka 1955 alipewa jina la kisayansi Pseudotheraptus wayi kwa heshima ya mtafiti huyo, na ilibainika kuwa minazi iliyokaliwa na majimoto ilipata madhara machache kuliko ile iliyotekwa na sisimizi wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa, ambao huwafukuza majimoto lakini hawamzuii kunguni. Kwa maneno mengine, hatima ya nazi iliamuliwa na vita vya sisimizi kwa sisimizi, jambo ambalo mwenye shamba hakuwa na sababu ya kulishuku.

Hata hivyo dawa kama DDT, zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, ziliua majimoto pamoja na waharibifu, na elimu hii ikasukumwa pembeni. Iliporudi, ilirudi kwa kulazimishwa na shida: nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea haraka barani, hutaga mayai ndani ya embe, mahali ambapo dawa ya kupuliza hulifikia buu kwa tabu. Uchunguzi uliofanywa Benin ulionyesha kuwa maembe ya miti yenye majimoto yalishambuliwa kidogo zaidi, na katika mikorosho ya Tanzania pia sisimizi hao wamefanyiwa utafiti dhidi ya wadudu wafyonzaji.

Kasoro zipo, na si haki kuzificha. Majimoto huwalinda wadudu magamba wanaowapa utomvu mtamu, na huwauma wachumaji, ambao hujikinga kwa kujipaka majivu. Mwenye bustani anayetaka kuwahamisha huvikata viota wakati wa baridi ya alfajiri, huvitundika kwenye mti mwingine, kisha huiunganisha miti kwa kamba. Lakini viota vyote sharti vitoke katika kundi moja, kwa sababu makundi mawili yakikutana hupigana hadi kufa, na gharama pekee, ambayo ni jasho la kupanda mti, huwa imepotea bure.