Wasio na Mlima wa Kurudi: Jinsi Buyenzi Ilivyojenga Makazi ya Uzee

Mrundi aliyezaliwa milimani hujua tangu utotoni atakapozeekea. Ana rugo lake, yaani boma, ana migomba nyuma ya nyumba, ana wana waliojenga jirani na majirani wanaomfahamu kwa jina la baba yake. Anaweza kushuka Bujumbura akabeba mizigo bandarini kwa miaka ishirini, lakini nguvu zikimwishia mlima bado unamngoja. Watawala wa kikoloni walioupanga mji huo waliijenga hesabu yao juu ya imani hiyo: Mwafrika wa mjini ni mgeni, kaja kufanya kazi, na akichoka atarudi kwao.

Buyenzi, mtaa mmoja wa Bujumbura, iliivuruga hesabu hiyo tangu mwanzo. Wengi wa wakazi wake wa kwanza hawakuwa na kwao pengine.

Mji wenyewe ulianza mwaka 1897, Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi cha Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika. Waliokizunguka kituo hicho walikuwa askari, wapagazi, wavuvi, mafundi na wachuuzi: Wamanyema kutoka mashariki mwa Kongo, watu wa Ujiji, Wanyamwezi, na wachache waliotokea pwani. Walisali pamoja, walioana, na Kiswahili kikawa lugha yao ya nyumbani. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao wa Urundi huko Gitega, lakini watu wa ziwani hawakuondoka. Wabelgiji walipoingia Juni 1916 waliwakuta wapo, wana nyumba, wana makaburi ya wazee wao na misikiti.

Wabelgiji waliugawa mji kwa rangi. Wazungu walipewa sehemu yao, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wakawa na Mtaa wa Waasia karibu na ziwa, na Waafrika wakapangiwa mitaa ya pembeni. Bwiza, iliyojulikana zaidi kwa jina la Belge, ilipokea Waafrika wa kila asili, na Buyenzi ikawa ya Waswahili, kama watu hao wa ziwani walivyoitwa. Mitaa hiyo miwili ilihesabiwa kuwa nje ya mamlaka ya machifu wa kimila, na wakazi wake hawakuwa chini ya chifu wa mlima wowote. Kisheria lilikuwa jambo la utawala tu. Katika maisha ya mtu lilimaanisha kwamba hakuna chifu wa kumpa ardhi akizeeka. Alichokuwa nacho ni kiwanja kimoja kwenye avenyu yenye namba.

Hapo ndipo historia ya Buyenzi inapofaa kusomwa na yeyote anayefikiria leo jinsi mji wa Afrika utakavyowaweka wazee wake. Kila kitu ambacho mwenzao wa milimani alikipata kwa ukoo na shamba, watu hawa walilazimika kukijenga ndani ya mtaa wa mjini.

Walianza na nyumba yenyewe. Parseli ya Buyenzi, kama watu wa Bujumbura wanavyokiita kiwanja cha nyumba, ina mlango unaotazama avenyu na baraza mbele yake. Ukipita ndani unakuta ua, na kuuzunguka ua huo safu ya vyumba vilivyoongezwa kimoja kimoja kila fedha zilipopatikana. Matofali ni ya udongo, paa ni bati. Mwenye nyumba hulala chumba cha mbele, binti aliyeachika na wanawe huchukua cha pili, na vya nyuma hupangishwa. Mwisho wa mwezi mpangaji huja na kodi, naye bibi mwenye nyumba huihesabu akiwa amekaa palepale kwenye mkeka, bila kusafiri na bila kujaza fomu. Mpangaji huyohuyo ndiye atakayegonga mlango asubuhi asipomwona ametoka nje.

Kodi hiyo ya vyumba ilikuwa pensheni ya watu wasio na pensheni. Sheria ya kwanza ya pensheni za wafanyakazi ilikuja mwaka 1956, na shirika la hifadhi ya jamii la INSS likaanzishwa 1962, mwaka wa uhuru. Sheria hiyo ilimlinda mwenye mshahara na mwajiri anayetambulika. Fundi cherehani, mvuvi, mama muuza ndagala na makanika wa Buyenzi hawakuwa na mwajiri wa kuwachangia. Wao akiba yao ilikuwa ukuta mwingine wa matofali.

Katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa na mfano wake wa makazi ya kisasa. OCAF, ofisi ya makazi ya Waafrika iliyoundwa 1952 katika Kongo ya Kibelgiji, ilijenga pia Usumbura, na mtaa wake ndio Ngagara, ambao hadi leo wenyeji wengine huuita OCAF. Zilikuwa nyumba imara, zilizochorwa kwa ajili ya mfanyakazi mwenye mshahara, mkewe na watoto wao. Aliyezichora alimwona mtu wa miaka thelathini. Buyenzi, iliyojengwa kidogo kidogo na wenyewe, ilikuwa imekwisha kumwona mtu wa miaka sabini.

Mtihani mkubwa wa haki ya kuzeeka mtaani haukuletwa na ramani, ulikuja kwa njia ya kodi ya serikali. Utawala wa Kibelgiji ulikuwa ukiwatoza kodi ya mwaka wanawake waliohesabiwa kuwa wanaishi peke yao mjini. Humo waliingizwa wajane, walioachika na wake wa mitala, kwa sababu mke wa pili hakutambuliwa na sheria. Serikali ilisema inapiga vita umalaya na mitala. Katikati na mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi walikataa kuilipa. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, aliyechapisha utafiti wake juu ya mgogoro huo mwaka 1991, ameonyesha kwamba kilichowauma hakikuwa fedha pekee. Kuandikwa kwenye daftari hilo kulikuwa sawa na kuitwa malaya mbele ya mtaa mzima.

Inafaa kumfikiria mwanamke wa aina hiyo. Ameolewa, amezaa, amemzika mumewe, amekaa eda. Anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, anakaanga maandazi alfajiri, anafundisha wajukuu sura fupi za Kurani. Kwa majirani ni bibi wa kuheshimiwa, na kwa karani wa kodi ni mwanamke huru asiye na mwanamume wa kumjibia. Wanawake hao walipokataa, walitetea jambo ambalo wapangaji wa miji hawajalimaliza kulijadili hadi leo: kwamba mwanamke mzee anaweza kubaki nyumbani kwake, peke yake, kwa heshima, bila kuadhibiwa kwa kuwa hai baada ya mumewe kufariki.

Siasa za uhuru ziliingia kwenye mabaraza hayohayo. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipata wafuasi wakubwa miongoni mwa Waswahili wa Buyenzi na Bwiza, kwanza kupitia ushirika wa wafanyabiashara, kisha katika chama cha UPRONA. Chama hicho kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore akauawa. Waswahili, ambao watu wa milimani mara nyingi waliwaona kama wageni, walikuwa wamesaidia kuzaa taifa walilokusudia kuzeekea.

Baadaye likaja jaribio lililo kali zaidi ya kodi. Baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika kwa kabila, mmoja baada ya mwingine. Mtaa wa Kamenge ulikimbiwa. Damu ilimwagika Buyenzi pia, hasa Machi 1995, na familia zikatawanyika. Hata hivyo Buyenzi ni miongoni mwa mitaa michache iliyoendelea kuwa na mchanganyiko wa watu katika miaka hiyo. Kwa mzee jambo hilo ni zito kuliko siasa zenyewe. Mtu wa miaka sabini hawezi kuanza upya kwenye kambi ya wakimbizi. Majirani anaowajua, fundi anayemkopesha, imamu atakayemsalia jeneza: hao hawahamishiki.

Ukiupita mtaa leo unaona bado mengi yanayowafaa wazee, ingawa hakuna ofisi iliyoyapanga kwa ajili yao. Viwanja vimekaribiana, na msikiti, duka na bomba la maji viko karibu. Hospitali ya Prince Régent Charles, iliyopewa jina la mtawala wa muda wa Ubelgiji wa 1944 hadi 1950, iko upande huohuo wa mji. Serikali ilipopiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya Bujumbura Machi 2022, mzee wa mtaa wa mbali alipoteza usafiri wake wa bei nafuu. Wa Buyenzi aliye na nguvu za miguu aliweza kwenda mjini kwa kutembea.

Lakini ukaribu huohuo unawatishia. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wengi walihamia soko la Ruvumera, lililo Buyenzi. Biashara ikapanda, na sehemu ya mtaa ikawa na thamani zaidi kama stoo kuliko kama makazi. Kaskazini, mto Ntahangwa umekuwa ukila kingo zake mwaka hadi mwaka, na kila masika nyumba za ukingoni huwa hatarini. Tena kuna mirathi. Kwa kanuni ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumni ya mali ya mumewe, na Burundi haina sheria ya mirathi iliyoandikwa ya kumkinga zaidi. Warithi wanaposhindwa kuelewana parseli huuzwa, kila mmoja huondoka na fungu lake, na fungu la thumni halinunui nyumba nyingine karibu na msikiti uleule.

Kwingineko watu wamejaribu njia mbalimbali. Mjini Boston, Marekani, wazee wa mtaa wa Beacon Hill waliunda chama chao mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakachanga fedha na kuajiri watu wa kuwasaidia ili wasihamie nyumba za wazee. Mfano huo umeigwa katika miji mingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au la. Burundi yenyewe ilifuta mwaka 2006 gharama za matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua, uamuzi uliookoa maisha ya wengi. Wazee hawakuwa ndani ya uamuzi huo.

Kwa Buyenzi hatua za kuanzia ni za kawaida kabisa. Nyumbakumi, kiongozi wa nyumba kumi ambaye tayari anajua kila nyumba, anaweza kuweka orodha ya wazee wanaoishi peke yao. Kazi za pamoja za Jumamosi zinaweza kuanza na mitaro iliyo mbele ya milango yao. Mjane anaweza kuandikiwa haki ya kukaa nyumbani kwa mumewe hadi mwisho wa maisha yake, hata kama kiwanja ni cha warithi wote. Kingo za Ntahangwa zinahitaji kuta kabla ya masika na si baada yake. Na anayetaka kugeuza nyumba kuwa stoo anaweza kuombwa kwanza aonyeshe waliokuwa wakiishi humo wamekwenda wapi.

Serikali imeweka dira ya kuifanya Burundi nchi inayoinukia ifikapo 2040 na nchi iliyoendelea ifikapo 2060. Mtoto aliyezaliwa Buyenzi mwaka 1980 atatimiza miaka 60 kwenye tarehe ya kwanza na 80 kwenye ya pili. Wengi wa rika lake ni mafundi wa gereji, wachuuzi na washonaji, wasio na mchango hata mmoja INSS. Parseli za wazazi wao zinagawanywa na kuuzwa sasa, na maamuzi juu ya viwanja hivyo ndiyo yatakayowapa, au kuwanyima, mahali pa kuzeekea.