Waya Unaobeba Amri

Ukiingia kwenye kinu cha posho mjini Kitale, tazama ukutani kabla hujatazama unga. Hapo pana kisanduku chenye vitufe viwili, kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Nyaya nene zinazoshuka hadi kwenye mota ndizo zinazobeba nguvu ya kusaga mahindi. Zile nyembamba zinazotoka kwenye vitufe hazifiki kwenye mota kamwe. Zinaishia ndani ya stata, ambako zinaamsha sumaku ndogo, na sumaku hiyo ndiyo inayounganisha njia kuu ya umeme. Mwenye kinu anagusa mkondo mdogo, mkondo mkubwa unatii.

Kutenga amri na nguvu ndiyo kazi nzima ya kebo za udhibiti, na katika ukanda huu kazi hiyo ilianza kabla ya umeme wa viwandani. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ilipokuwa ikipitia Broderick Falls, yaani Webuye ya leo, na Bungoma kuelekea Tororo, nguvu ya kuvuta mabehewa ilikuwa mvuke. Lakini kwenye reli ya njia moja, treni mbili zikikutana ni maafa. Kwa hiyo stesheni zilihitaji kuulizana na kujibizana kabla treni haijaondoka, na mazungumzo hayo yalipita kwenye waya. Waya ule haukusukuma gurudumu hata moja. Ulibeba ruhusa tu.

Umeme mwingi ulikuja baadaye, kutoka upande wa jirani. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kufikia 1958 laini ya volti 132,000 ilikuwa ikileta umeme wa Uganda nchini Kenya kupitia Tororo. Mwaka 1966 kampuni ya East African Cables ilianzishwa Nairobi, na nyaya zikaanza kutengenezwa hapa nchini. Kisha vikaja viwanda vikubwa. Pan African Paper Mills iliundwa mwaka 1969 na kuanza kutoa karatasi Webuye mwaka 1974. Nzoia Sugar ikaundwa mwaka 1975, na mwaka 1978 ikaanza kusaga miwa, kando ya barabara ya Bungoma kwenda Webuye.

Kiwanda cha ukubwa huo hakiongozwi kwa kupaza sauti. Miwa inapita kwenye visu, kisha kwenye kinu cha kwanza, cha pili, na kuendelea, ikisafirishwa na mikanda. Mkanda wa mbele ukikwama na wa nyuma ukaendelea kumwaga, dakika chache tu zinatosha kujaza shimo na kuvunja mnyororo. Ndiyo maana kila mota hufungwa kwa amri ya mwenzake: wa mbele akisimama, wa nyuma naye asimame. Maghala marefu ya mahindi yana sheria hiyo hiyo. Wakati wa kuwasha unaanza na mashine ya mwisho na kurudi nyuma hadi ile inayopokea nafaka. Wakati wa kuzima unaanza na ile inayopokea, ili mahindi yaliyomo njiani yaishe kwanza. Mpangilio huo wote umeandikwa kwa nyaya.

Pasua kebo ya udhibiti utaona tofauti yake na ile ya nguvu. Kebo ya nguvu ina nyuzi tatu au nne nene. Hii inaweza kuwa na 7, 12, 19 au hata 37, kila mmoja mwembamba, mara nyingi milimita mraba 1.5 au 2.5 za shaba, na kila mmoja una namba yake iliyochapwa kwenye plastiki. Zile zinazolazwa kwenye mitaro huzungushiwa nyuzi za chuma ili jembe au panya asizikate. Zile zinazobeba ishara dhaifu za kupima joto au kina cha maji huvishwa utando wa metali, kwa sababu kebo nene iliyo jirani hupiga kelele za kiumeme zinazoweza kuifanya boila ionekane imejaa maji kumbe imekauka.

Hapo kwenye boila ndipo wahandisi walipofanya uamuzi ninaouheshimu kuliko wote. Kipimo cha maji kingeweza kutuma mkondo wa sifuri kumaanisha tupu, na mkondo kamili kumaanisha imejaa. Badala yake kiwango kilichozoeleka duniani kinaanzia miliampea 4 na kuishia 20. Tupu ni 4. Sifuri haimaanishi tupu. Sifuri inamaanisha waya umekatika. Kitufe chekundu nacho kimejengwa hivyo: mkondo hupita ndani yake muda wote mashine inapofanya kazi, na kukibonyeza ni kuukata. Hata waya wake ukikatwa kwa bahati mbaya, mashine inasimama.

Kwa sababu hiyo inaniuma kuona kinu kidogo ambacho kitufe chekundu kiliharibika na nyaya zake mbili zikafungwa pamoja ili kazi isilale. Mashine hiyo inazunguka vizuri, na unga unatoka. Lakini siku mkono wa kijana utakapovutwa na mkanda, hakuna wa kuiambia iache. Tafadhali, nunua kitufe kipya.

Kwa miaka mingi akili ya kiwanda ilikaa kwenye makabati ya relei, mamia ya sumaku ndogo zikigonga tiki-taka. Mwaka 1968, nchini Marekani, Dick Morley na wenzake walibuni kompyuta ya kiwandani iliyokuja kuitwa Modicon, ili kubadilisha mpangilio wa mashine kusiwe tena kung'oa nyaya na kuzifunga upya. Kompyuta hizo zilipunguza relei, lakini nyaya za kwenda kwenye vitufe, vipimo na mota zilibaki pale pale.

Adui mkubwa wa kebo hizo leo ni bei ya shaba. Kiwanda kikifungwa, mota nzito hukaa; kebo ndizo hutoka usiku. Hofu ya wizi wa namna hiyo ilifika hata ngazi ya taifa: Januari 2022 nguzo za laini ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi zilianguka, sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani, na serikali, ikisema zilihujumiwa, ikasimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009 na kikauzwa mwaka 2016. Kufufua kiwanda baada ya kimya kirefu kama hicho ni kazi ambayo pesa peke yake haiwezi kuimaliza haraka, kwa sababu michoro huwa imeliwa na mchwa na namba zimefifia. Hufanywa waya kwa waya. Fundi mmoja anashika ncha moja kwenye kabati. Mwenzake, mita 200 mbele, anagusisha kipimo kwenye ncha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kipimo kinapolia, anapiga simu: huu ni namba 17. Anaufunga utepe, kisha wanaanza kutafuta namba 18.