Nyangumi Wahama, Sheria Yabaki Nyuma

Sisi wengi tunakaa mbali na bahari kuu. Lakini habari ya leo yafaa kujulikana hata kwetu, maana inaonyesha jinsi elimu na sheria zinavyohitajiana.

Katika bahari ya Atlantiki, upande wa Marekani na Kanada, yuko nyangumi mweusi mwenye urefu wa meta 15 hivi. Waingereza walimpa jina lenye maana ya «nyangumi anayefaa». Kufaa nini? Kufaa kuuawa! Huogelea polepole karibu na pwani, ana mafuta mengi, na akifa huelea juu ya maji. Wavuvi wa Kibaski walianza kuwawinda nyangumi wa namna hii karibu miaka 1000 iliyopita. Mwishowe walisalia wachache mno, hata mapatano ya mataifa yakakataza kuwawinda tangu mwaka 1935.

Je, waliongezeka upesi? Hata kidogo. Jike huanza kuzaa apatapo miaka 10 hivi, naye huzaa mtoto mmoja tu, kisha hupumzika miaka kadhaa. Tena, mkuki ulipokoma, zilikuja hatari mbili nyingine: meli ziendazo mbio, na kamba za mitego ya kaa. Meli humgonga, kamba humnasa, naye huziburuta mpaka anadhoofika na kufa.

Basi wenye elimu wakachunguza mahali wanapopita nyangumi, na Serikali zikawasikiliza. Mwaka 2003 Kanada ilisogeza njia ya meli katika ghuba ya Fundy. Mwaka 2008 Marekani iliamuru kwamba, mahali fulani na majira fulani, meli za meta 20 na zaidi zisizidi mwendo wa maili 10 za bahari kwa saa, ndiyo kilometa 18 na nusu. Kufika mwaka 2010 nyangumi hao walikuwa karibu 480.

Lakini bahari yenyewe ilikuwa inageuka. Hewa chafu ya viwanda na magari huzuia joto la dunia lisitoke, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia baharini. Kati ya mwaka 2004 na 2013, ghuba ya Maine ilipata joto upesi kuliko karibu bahari zote za dunia. Nyangumi huyu hula vijidudu vidogo kama punje za mchele, vipendavyo maji baridi. Vijidudu vilipopungua, nyangumi wengi wakafuata chakula mpaka ghuba ya Saint-Laurent, huko Kanada. Huko hakukuwa na amri ya kuwalinda. Sheria ililinda mahali walipokuwa jana.

Mwaka 2017 ilionekana mizoga 17: 12 Kanada na 5 Marekani. Mwezi wa Agosti Kanada ikaamuru meli ziende polepole. Mwaka 2018 ikaongeza jambo lingine: ndege huzunguka juu ya bahari, na nyangumi wakionekana, uvuvi hufungwa mahali pale. Mwaka ule haukuonekana mzoga hata mmoja katika maji ya Kanada. Mwaka 2019 walikufa tena 9, na amri zikakazwa.

Wavuvi walinung'unika, wala si bure: mtego usipotegwa, watoto watakula nini? Kwa hiyo yapasa kufunga pale tu nyangumi walipo, na kufungua wakiisha kuondoka. Marekani nayo mwaka 2022 ilipendekeza meli ndogo zaidi zipunguze mwendo. Januari 2025 ikaliondoa shauri hilo. Leo nyangumi hawa wanakadiriwa kuwa chini ya 400.

Tusidhani mambo haya ni ya mbali tu. Mwaka 2003 wenye elimu walitangaza kwamba joto linazuia maji ya Ziwa Tanganyika yasichanganyike vizuri, na hivyo chakula cha samaki kinapungua. Mwaka ule ule Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia walitia sahihi mapatano ya kulitunza ziwa hilo. Kutia sahihi ni mwanzo tu. Maji yakigeuka, amri nazo hazina budi kutazamwa upya pamoja na wavuvi wenyewe. Wahenga walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Elimu bila sheria haiokoi samaki; nayo sheria bila elimu hulinda maji matupu.